Watoto wa simu janja: wana akili zaidi au wamepungukiwa?

Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, mjadala uleule huzuka upya katika daladala za kutoka Buhongwa kwenda mjini Mwanza, katika vijiwe vya Igogo na katika makundi ya WhatsApp ya wazazi. Upande mmoja husema kuwa simu zimewaharibu watoto, kwamba hawasomi wala hawakumbuki kitu, na kwamba mtu aliyemaliza darasa la saba miaka ya sabini angemshinda mhitimu wa chuo wa leo. Upande wa pili husema kuwa watoto wa siku hizi wamezaliwa na akili ya ajabu, kwa sababu mtoto wa miaka miwili anafungua simu ya mama yake, anatafuta katuni na kuruka matangazo bila kufundishwa na mtu. Si ajabu kumsikia mtu mmoja akisema yote mawili, hili asubuhi na lile jioni, na hakuna anayemuuliza.

Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinaichukulia akili kuwa ni kitu kimoja kinachopanda chote au kushuka chote, na zinaichukulia teknolojia kuwa ni nguvu moja inayokipandisha au kukishusha. Kabla ya kuuliza simu imewafanya nini watoto, ni lazima tutenganishe maarifa, yaani mambo ambayo mtu anayajua na kuyakumbuka, na uwezo wa kufikiri, yaani kuona uhusiano kati ya mambo na kutatua tatizo ambalo hajawahi kukutana nalo. Kisha kuna jambo la tatu ambalo mara nyingi huvishwa nguo ya hayo mawili, nalo ni alama ambayo mtu hupata katika kipimo cha akili, ile ambayo duniani hufahamika kwa herufi mbili, IQ.

Kipimo hiki kilianza kwa nia ya kawaida kabisa. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Vipimo vya leo vimebadilika sana, lakini msingi wake ni kumlinganisha mtu na rika lake. Wastani wa rika hupewa alama 100, na anayepata 115 amewapita takriban watu 84 katika kila 100 wa rika hilo. Kwa hiyo alama haituambii mtu ana akili kiasi gani. Inatuambia amesimama wapi kwenye foleni ya wenzake, na kwa maswali ya aina ile tu.

Maswali ya aina gani, hapo ndipo penye uzito, na mfano mzuri unatoka katika ziwa hilihili letu, Ziwa Victoria. Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Sternberg, pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Usenge, mwambao wa upande wa Kenya. Waliwachukua watoto 85 wa Kijaluo wenye umri wa miaka 12 hadi 15 na kuwauliza kuhusu dawa za asili zinazotumika huko kutibu minyoo na maradhi mengine: zinatoka wapi, zinatibu nini, zinatumika kwa kipimo gani. Kisha wakawapa pia vipimo vya kishule. Ilionekana kuwa watoto waliojua zaidi kuhusu dawa walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya kishule. Watafiti hawakusema kuwa dawa za asili hupunguza akili. Walieleza kuwa familia huweka nguvu za mtoto mahali zinapoona pana faida, na mtoto anayekuzwa ili aishi kijijini hujifunza mambo tofauti na anayekuzwa ili aondoke.

Kijana wa Ukerewe anayejua usiku upi wa giza unafaa kutoka kuvua dagaa, taa zielee umbali gani kutoka kwenye mtumbwi, na upepo ukigeuka ashike njia ipi, anatumia kumbukumbu na hesabu za kichwani ambazo hakuna karatasi ya mtihani inayozipima. Hili halimaanishi kuwa mtihani ni bure. Linamaanisha kwamba tukisema kizazi fulani kina akili kuliko kingine, ni lazima tuseme kinawazidi wenzao katika kufanya nini.

Sasa tuje kwenye takwimu, kwa maana zipo na zinashangaza. James Flynn, mwanazuoni aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alionyesha katika maandiko yake ya mwaka 1984 na 1987 kwamba alama za vipimo vya akili katika nchi nyingi zilizoendelea zilikuwa zikipanda kwa takriban alama tatu kila baada ya miaka kumi. Baadaye ongezeko kama hilo lilionekana pia huku kwetu Afrika Mashariki: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwalinganisha watoto wa kijijini Embu, Kenya, waliopimwa mwaka 1984 na wengine waliopimwa mwaka 1998, na wale wa baadaye walikuwa mbele kwa kiasi kikubwa. Damu ya watu wa Embu haikubadilika katika miaka 14. Waliofanya utafiti walitaja lishe bora zaidi, elimu ya wazazi na mabadiliko ya muundo wa familia. Flynn mwenyewe aliongeza kwamba maisha ya kisasa yamewazoesha watu kupanga vitu katika makundi na kufikiri kwa picha na alama, na hayo ndiyo hasa yanayoulizwa na vipimo.

Halafu katika baadhi ya nchi mwelekeo ukageuka. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Norway, Bernt Bratsberg na Ole Rogeberg, walichapisha uchambuzi wa alama za vijana waliopimwa walipofikia umri wa kwenda jeshini, waliozaliwa kati ya 1962 na 1991. Alama zilipanda hadi kwa waliozaliwa katikati ya miaka ya sabini, kisha zikaanza kushuka. Habari hii ilizunguka dunia nzima ikiwa na kichwa kimoja: simu zinawafanya watu wajinga. Lakini msomaji makini apige hesabu mwenyewe. Waliozaliwa mwaka 1975 walipimwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati simu janja hazijakuwepo. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007. Pengine runinga, pengine mabadiliko ya ufundishaji, pengine mambo mengine, ila simu janja haiwezi kuwa ndiyo iliyouanzisha mteremko huo. Jambo lililoonekana wazi katika utafiti huo ni kwamba alama zilipanda na kushuka hata kati ya ndugu waliozaliwa na baba na mama mmoja, maana yake sababu imo katika mazingira na haimo katika damu.

Na katika mazingira yetu, simu si ya kwanza katika orodha. Kuanzia mwaka 1986 serikali ya Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na upungufu mkubwa wa madini hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kuwa watoto ambao mama zao walilindwa na vidonge hivyo wakati wa ujauzito walifika mbali zaidi shuleni, kwa wastani wa kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka wa masomo, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Hapo ni kidonge tu. Mwambao huu una kichocho na malaria, magonjwa yanayoleta upungufu wa damu na kumfanya mtoto akae darasani akiwa amechoka kabla somo halijaanza. Shule yenyewe nayo ni sababu: uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya takwimu za watu zaidi ya 600,000 ulionyesha kwamba kila mwaka wa ziada wa masomo huongeza kati ya alama moja na tano za kipimo cha akili. Anayetaka kujua kwa nini kizazi fulani kimejifunza zaidi au kidogo aanzie huko, ndipo aje kwenye simu.

Baada ya kusema hayo, simu haiachwi bila kuulizwa. Inagusa kujifunza, na ili kuona inagusa wapi ni lazima tujue kwanza kichwa kinavyojifunza.

Fikiria duka la jumla la dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mbele pana meza ndogo ambapo mzigo hupimwa na kufungwa. Nyuma pana stoo kubwa. Kichwa cha binadamu kimejengwa hivyo. Kumbukumbu ya kazi, ile tunayoitumia kushikilia jambo tunalolifikiria sasa hivi, ni hiyo meza: haibebi zaidi ya takriban vitu vinne kwa wakati mmoja. Kumbukumbu ya kudumu ni stoo, na hakuna aliyewahi kuifikisha ukingoni. Kufikiri hufanyika mezani, lakini mali inatoka stoo. Mwanafunzi ambaye jedwali la kuzidisha limekaa vizuri stoo hulitoa likiwa limefungwa tayari, halichukui nafasi mezani, na nafasi iliyobaki anaitumia kulielewa swali lenyewe. Asiyelijua hujaza meza yake yote kwa saba mara nane, na swali lenyewe linaanguka chini.

Kwa sababu hiyo, ule msemo kwamba siku hizi hakuna haja ya kukariri kwa kuwa kila kitu kipo Google ni wa kutiliwa shaka. Kitu kilichopo Google hakipo stoo. Kipo dukani kwa jirani, na kila ukikihitaji ni lazima ukifuate, ukilete mezani, na kikishafika kinachukua nafasi. Tena, ili ujue cha kutafuta, na ili ulitambue jibu la uongo ukiliona, ni lazima uwe na mali fulani tayari. Jaribio moja la mwaka 1988 huko Marekani lilionyesha hili waziwazi. Wanafunzi walipewa habari ya mchezo wa besiboli waisome. Wasomaji dhaifu waliokuwa wanaujua mchezo huo waliielewa habari kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ufahamu wa maandishi, ambao sisi huuhesabu kuwa ni akili, kwa sehemu kubwa ni maarifa yaliyokwisha kuhifadhiwa.

Mwaka 2011 Betsy Sparrow na wenzake walitoa utafiti ulioonyesha kuwa watu wanaodhani habari itahifadhiwa kwenye kompyuta huikumbuka habari yenyewe kidogo, na hukumbuka zaidi mahali pa kuipata. Utafiti huo umenukuliwa kila mahali kama uthibitisho kwamba intaneti imeua kumbukumbu. Wanaounukuu wapunguze mwendo, kwa maana mojawapo ya majaribio yake lilirudiwa baadaye na watafiti wengine na halikuleta matokeo yaleyale. La hakika ni dogo zaidi: kichwa hakijisumbui kuhifadhi kitu ambacho kina uhakika wa kukipata kwingine. Babu zetu walifanya hivyohivyo walipomwachia mzee mmoja wa ukoo kazi ya kukumbuka mipaka ya mashamba.

Niliwahi kusimama kwenye kibanda cha mama mmoja muuza dagaa palepale Mwaloni, mjukuu wake wa Kidato cha Pili akimsaidia wakati wa likizo. Mteja alichukua madebe saba, na siku hiyo debe lilikuwa shilingi 28,000. Kijana alitoa simu, akafungua kikokotoo, akabonyeza, akamgeuzia bibi yake kioo: 19,600. Bibi hakuitazama hata simu yenyewe. “Mjukuu wangu, debe moja tu linazidi hiyo hela,” alisema. Kijana akajibu, “Bibi, simu ndiyo imesema.” Bibi alihesabu kwa sauti: saba mara thelathini ni mia mbili na kumi, toa kumi na nne, mia na tisini na sita. Kijana alikuwa ameacha sifuri moja wakati wa kubonyeza.

Kwa haraka mtu angesema bibi ana akili na mjukuu hana. Lakini kijana huyo huyo, dakika chache baadaye, ndiye aliyemsomea bibi ujumbe wa malipo na kumwonyesha kuwa umetumwa na namba ya mtu binafsi na haukutoka kwenye kampuni ya simu. Walikuwa wamekaribia kutapeliwa. Kila mmoja alikuwa na ukali pale alipofanyishwa mazoezi. Lililomponza kijana si kikokotoo. Ni kwamba kikokotoo kilimpokonya kazi ya kukadiria kabla hajaijua kazi hiyo, na hivyo hakuwa na kitu ndani yake cha kumwambia kwamba jibu limepinda. Mhasibu wa makamo anayetumia kikokotoo hichohicho kutwa nzima hapati hasara hiyo, kwa kuwa makadirio anayo tayari.

Hapa ndipo ninaposimama katika mjadala huu. Swali la mtoto anatumia simu saa ngapi kwa siku ni swali jepesi, na linapendwa kwa sababu lina jibu la namba. Swali zito ni hili: kifaa kinamfanyia kazi gani, na kazi hiyo alikuwa ameshaijua? Kikifanya kazi ambayo ameshaimudu, kinampa nafasi ya kufanya jambo kubwa zaidi. Kikifanya kazi ambayo ndiyo aliyotakiwa kujifunza, kinampa jibu na kumnyima somo. Wapo wavuvi wa sangara siku hizi wanaotafuta nyavu zao kwa GPS. Mzee aliyezoea kujielekeza kwa vilele vya visiwa anaongeza usahihi. Kijana asiyewahi kujifunza visiwa anabaki majini bila dira siku betri inapokufa.

Kuna wanaosema kwamba ubongo wenyewe wa watoto umebadilika, kwamba wamezaliwa na ubongo wa kidijitali. Si kweli. Ubongo wa mtoto aliyezaliwa leo katika hospitali ya Sekou Toure hautofautiani na wa bibi yake siku alipozaliwa. Ubongo hubadilika ndani ya maisha ya mtu, kwa mazoezi. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva teksi wa London, ambao ili wapate leseni hulazimika kukariri mitaa ipatayo 25,000, wakakuta sehemu moja inayohusika na kumbukumbu ya mahali imekuwa kubwa kuliko kwa watu wengine, na kubwa zaidi kwa wenye miaka mingi kazini. Watoto wao hawarithi mitaa hiyo. Kadhalika mtoto wa fundi simu wa Makoroboi hazaliwi fundi.

Na yule mtoto wa miaka miwili anayefungua YouTube? Ni mwerevu, kama walivyo watoto wote wa miaka miwili, lakini sifa kubwa iende kwa wahandisi walioitengeneza programu ili hata asiyejua kusoma aweze kuitumia. Kugusa picha na kuona picha nyingine ni kazi nyepesi. Kujifunza lugha ndiyo kazi nzito ya umri huo, na hapo kioo hakisaidii sana. Patricia Kuhl na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliocheza na mtu anayezungumza Kichina walijifunza kutambua sauti za lugha hiyo, ilhali waliooneshwa mtu huyohuyo kwenye video, kwa muda uleule, hawakujifunza chochote kilichoonekana katika kipimo. Mtoto mdogo hujifunza kutoka kwa mtu anayemtazama, anayemjibu, anayefuata kidole chake. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 halipendekezi kioo kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja wala wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili hadi minne linasema isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Najua mama anayekaanga vitumbua alfajiri akiwa peke yake na mtoto ataisoma sentensi hiyo na kucheka. Basi azungumze naye huku akikaanga. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko programu yoyote ya kufundisha herufi.

Kwa watoto wakubwa, teknolojia imejaribiwa kwa kiwango kikubwa, na majaribio mawili yanafaa kutazamwa kwa pamoja. Peru iligawa kompyuta ndogo za mkononi kwa wanafunzi wake, na tathmini iliyofanyika katika shule 319 za vijijini ilikuta kwamba baada ya miezi 15 hisabati na lugha hazikupanda, ingawa palikuwa na nafuu kidogo katika vipimo vya kufikiri. Huku kwetu, kati ya mwaka 2017 na 2019, vishikwambi viligawiwa kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, katika shindano la kimataifa la XPRIZE ambalo zawadi yake ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imeshuka kwa nusu.

Tofauti haikuwa ubora wa mashine. Vishikwambi vya Tanga vilikuwa na masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, yakimlazimu mtoto ajibu kabla hajasonga mbele. Kompyuta za Peru ziliingia darasani na kukuta ufundishaji uleule, kisha zikauacha ulivyo. Tusisahau pia upande wa pili wa habari ya Tanga: wengi walibaki hawajui kusoma neno, na waliofaulu walikuwa wameanzia sifuri, mahali ambapo karibu msaada wowote mzuri huonekana. Kishikwambi kinaweza kuwa mwalimu wa yule asiye na mwalimu. Bado hakijaonyesha kuwa kinaweza kuchukua nafasi ya mwalimu aliyepo.

Kuhusu umakini nitapita haraka, kwa sababu mengi yanayosemwa ni porojo. Ile habari kwamba binadamu wa leo hawezi kutulia zaidi ya sekunde nane, pungufu ya samaki wa kufugwa kwenye chupa, haina utafiti nyuma yake, na sisi tunaoishi na samaki tungekuwa wa kwanza kuuliza nani aliyempima. La kweli ni kwamba hakuna mtu, mtoto wala mzee, anayeweza kusoma na kuchati kwa wakati mmoja. Kichwa huruka kutoka hiki kwenda kile, na kila mruko una gharama yake, ndiyo maana mwanafunzi husema amesoma usiku kucha na asubuhi hana kitu. La kweli pia ni kwamba, kwa maandishi ya maelezo, wasomaji huelewa kwa wastani vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kioo, hasa wanapokuwa na muda mfupi. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 54 ulionyesha hivyo. Kwa hiyo shule zetu zinazokataza simu bwenini hazikosei. Ila marufuku humwondolea mwanafunzi kishawishi tu; haimfundishi namna ya kusoma siku atakapokuwa nayo.

Limebaki la akili mnemba (AI), ambalo limeikuta hoja hii yote ikiwa haijaisha. Mwanafunzi wa Nyegezi mwenye bando la shilingi 500 leo anaweza kupiga picha ya swali la hisabati na kupata hatua zote zimeandikwa. Je, anajifunza? Watafiti walilijaribu swali hili kwa karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari nchini Uturuki. Kundi moja lilifanya mazoezi likiwa na programu ya kawaida inayotoa majibu, la pili lilikuwa na programu iliyotengenezwa itoe vidokezo bila kutoa jibu, na la tatu lilitumia daftari na kitabu tu. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wale wa daftari, na la pili kwa asilimia 127. Kisha mashine zikaondolewa, wakapewa mtihani. Kundi lililozoea kupewa majibu lilipata pungufu ya asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuwa na mashine kabisa, ilhali lile la vidokezo halikupata hasara hiyo. Makundi hayo mawili yalikuwa na mashine ya aina moja, kioo cha aina moja, na saa zilezile. Kilichowatofautisha ni nani aliyebaki na kazi.

Kwa darasa la kawaida la wanafunzi zaidi ya sitini, mwalimu hawezi kukagua nani aliandika na nani aliandikiwa. Anaweza, hata hivyo, kumwita mmoja ubaoni na kumwomba aeleze kwa nini alihamisha namba ile upande wa pili, bila kutazama daftari. Mzazi naye anaweza kuuliza swali hilohilo jikoni, hata kama hesabu yenyewe haijui, kwa sababu anayeelewa hueleza na asiyeelewa husoma alichoandika.

Kuna mahali pamoja ambapo naona mashine hii ina faida ya wazi kwetu. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali, alikosoma kwa Kiswahili, anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta biolojia, fizikia na jiografia vyote ni kwa Kiingereza. Anakaa miezi mingi akinakili notsi asizozielewa, na matokeo yanapotoka tunasema hana akili. Akipata simu ya kaka yake kwa nusu saa, anaweza kuomba aelezwe kwa Kiswahili usanisinuru ni nini, kisha aulize tena pale alipokwama, bila kuogopa kuchekwa. Hapo mashine inamwondolea kizuizi cha lugha, na kazi ya kuelewa somo inabaki kwake. Kiswahili chake wakati mwingine huteleza, na majibu yake wakati mwingine ni ya uongo yaliyosemwa kwa kujiamini, kwa hiyo kitabu cha kiada kiwe wazi pembeni wakati wote. Na akishaelewa, afunge simu na kuyaandika maelezo hayo upya kwa Kiingereza, kwa kalamu, kutoka kichwani, kwa kuwa hivyo ndivyo mtihani utakavyomtaka afanye.